Kicheko cha Subiri

Nyumbani, ghorofa ya pili,
chumba cha uani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Msemaji,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi kimekwisha, na umeanza kula chakula cha mchana badala ya kunywa kahawa na kusema umeshiba. Mara ya mwisho nilipokuona kwenye simu mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mama aliniuliza kama huko mmeajiriwa au mnakamuliwa.

Sisi hatujambo. Presha ya mama imetulia tangu daktari ambadilishie vidonge, ila magoti yanamsumbua kwenye ngazi, na hataki kushikwa mkono. Shemeji yako ni mzima, bado anagombana na redio kila kukiwa na mechi. Mimi niko pale pale duka la miwani, chumba cha nyuma, nasaga lenzi tangu asubuhi. Vumbi lake linaingia mpaka kwenye mkate. Macho ya watu yanazidi kuharibika, kwa hiyo kazi ipo.

Utashangaa kupata karatasi. Ni kwa sababu kwenye simu tukianza mazungumzo haya mmoja wetu hukata. Karatasi utaweza kuikunja na kuiweka kando, lakini hutaweza kuinyamazisha.

Wiki iliyopita wakati wa chakula, mwenzangu wa kaunta aliniwekea simu yake mbele ya sahani. “Huyu si ndugu yako?” Nikakuona umekaa kwenye kiti chekundu, umevaa shati ambalo silijui, unahojiwa. Walitaka uwaeleze jinsi Ngome, mchezo wenu wa vita wa kwenye mashine, ilivyotoka kwenye ule mchezo wa kwanza mpaka kufika huu wa sasa ambao dunia nzima inauzungumzia. Ulieleza vizuri, siwezi kukunyima hilo. Ulisema mwanzoni ilikuwa sataranji yenye panga, kisha kila toleo likajifunza kwa lililotangulia, mpaka mchezo ukapata moyo. Yule mama aliyekuhoji akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akakuuliza habari za Ngoja, yule nahodha wa wapiga upinde. Ukasema ametokana na rafiki yako wa utotoni. Rafiki. Akakuuliza kama watu wake wamefurahi kumwona. Ukajibu, “Familia imefurahi sana.”

Nikaweka kijiko chini. Mwenzangu akaniuliza kama chakula kimechacha.

Mdogo wangu, nani alikuambia tumefurahi? Ulimuuliza nani? Na kwa kuwa umewasimulia watu hadithi ya Ngome ilivyoonekana kutoka ofisini kwenu, niruhusu nikukumbushe ilivyoonekana kutoka kwenye benchi la mjomba.

Ulikuwa bado mdogo wakati mama mdogo alipokuleta kwetu, kwa hiyo huenda umesahau harufu ya kile kibanda: risasi ya kuunganishia nyaya, vumbi la redio, na gundi. Kulikuwa na televisheni ambayo mwenyewe aliileta itengenezwe akapotea moja kwa moja, na mashine ya michezo yenye kanda moja tu. Ngome, ile ya kwanza. Mjomba alituruhusu kwa sharti la kutogusa kitu kingine chochote. Mimi nilikaa katikati na pedi ya kuchezea kwa kuwa ndimi mkubwa, mdogo wangu wa tumbo moja alikaa kulia, wewe kushoto.

Wale askari walikuwa miraba ya rangi yenye miguu. Hawakuwa na sura wala neno la kusema. Maneno ulikuwa ukiwapa wewe. Ulituambia mpiga upinde anamwogopa mama mkwe wake, na mpanda farasi hajui kuogelea ndiyo maana hataki kuvuka mto. Ulibadilisha sauti kwa kila mmoja mpaka mjomba anaacha kazi yake kukusikiliza, na jina la Msemaji likakukaa. Na askari akiuawa, ameuawa. Hakukuwa na kumrudisha. Sura inayofuata ya mchezo unaianza na nafasi yake tupu kwenye mstari. Siku mpanda farasi wako alipokufa hukula.

Na huyu wa kulia kwangu tulimpa jina lake kwenye benchi lile lile. Kila ikifika zamu yetu ananishika mkono nisibonyeze. “Subiri kwanza.” Anafumba jicho moja, anajigonga kidevu kwa kidole, anahesabu miraba. Mjomba akisema huyu atasubiri mpaka vita viishe watu warudi makwao. Lakini tulipocheza naye tulipoteza watu wachache sana. Hata alipokuwa mtu mzima, fundi wa lifti anayening'inia kwenye mashimo ya majengo marefu, wenzake walimwita hivyo hivyo. Walisema ukifanya kazi na Subiri utachelewa kumaliza, lakini utarudi nyumbani na vidole vyako vyote.

Toleo la pili likaja na ule utaratibu kwamba askari wakisimama bega kwa bega mara nyingi wanakuwa marafiki, na rafiki akipigwa mwenzake anaruka kumkinga. Subiri alilipenda kupita kiasi. La tatu likaleta sura za watu, vijiji walikotoka, na mazungumzo marefu kabla ya kila vita. Wewe ulinuna. Ulisema wamekunyang'anya kazi. Tulicheka mpaka mjomba akatutoa nje.

La nne lilikuwa takataka, hata wewe kwenye mahojiano ulikiri. Ramani finyu, maadui wajinga, hadithi inayojipinga yenyewe. Watu wakasema Ngome imekufa na kampuni itafungwa. Wakati huo ulikuwa umekwisha kwenda kusoma, na ukawaandikia wenye mchezo kuwaeleza kila walipokosea. Unakumbuka tulivyoiandaa barua ile? Wewe upande wa huko, sisi wawili upande wa huku, tukipokezana simu. Hoja nyingi zilikuwa za Subiri, wewe uliziremba. Walipokuita kazini kwa sababu ya barua hiyo hakuona kinyongo hata kidogo. Alitangaza kwa mafundi wote wa lifti kwamba ndugu yake amechukuliwa na watu wa Ngome. Alisema ndugu. Wala hakusema rafiki.

Sasa hili la tano. Ndilo mlilofufua nalo jina, najua, na ndilo lililogawanya watu. Mwanzoni mchezo unakuuliza: waliouawa wasirudi, kama zamani, au warudi sura inayofuata kana kwamba walijikwaa tu? Wachezaji wa zamani walikasirika na Subiri alikuwa mbele yao. “Kama anarudi basi hakufa,” aliniambia. “Na kama hawezi kufa, mimi jicho nafumba la nini?” Akacheza kwa masharti ya zamani, kwa ukaidi, akipoteza mtu anaanza sura upya tangu mwanzo.

Kisha figo zake zikaanza kugoma. Wewe habari hizo ulizipata kwa simu. Mimi nilikuwa kwenye kile kiti cha plastiki pembeni ya ile mashine ya kusafisha damu. Alikuwa amelala na mkono mmoja umefungwa mipira, mkono mwingine umeshika kile kimchezo kidogo cha mkononi ulichomtumia. Mchana mmoja nikachungulia kwenye kioo nikamwona yule mpiga upinde wake mwenye kilemba amesimama kwenye mstari. Asubuhi yake nilikuwa nimemwona akiuawa kwa macho yangu. Nikamtazama mdogo wangu. Akakwepa macho yangu kama mtoto aliyekutwa jikoni.

“Usiniangalie hivyo, dada,” akasema. “Wacha warudi.”

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Naye akacheka. Kisha akachukua simu akakurekodia ujumbe papo hapo: “Msemaji, dada amenikamata nafufua watu.” Akaendelea kucheka ndani ya ujumbe ule, kile kicheko chake kinachoanza puani kama mtu anayekataa, kikapanda, kikakatika juu, kikaishia kwenye kikohozi. Muuguzi akaja kutukanya.

Toleo la sita, lile la kwenye simu ambamo mashujaa wanapatikana kwa bahati nasibu na mwenye pesa ndiye mwenye jeshi, silisemi. Hata wewe kwenye kiti chekundu uliliruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Alipofariki hukuja. Ulituma neno kwamba mko kwenye miezi ya mwisho ya kazi na hakuna anayeruhusiwa kutoka. Mama ndiye aliyekutetea mbele ya shangazi. Alisema mtoto hayuko huko kwa starehe, anatafuta maisha, na kilio hata mtu akiwa mbali anakilia. Nilikubaliana naye. Huzuni ilikuwa nyingi, nafasi ya kukulaumu haikuwapo.

Jambo moja hatukukuambia, pengine kwa sababu lilionekana dogo. Siku ile ile simu yake ilipotea wodini. Tuliuliza kila mtu, mpaka wafagiaji. Kila kilichokuwa ndani kilikwenda nayo. Ndipo nikagundua kwamba sikuwa na sauti yake hata ya neno moja. Picha tunazo tele. Lakini nani humrekodi mtu anayelala chumba cha pili? Ukitaka kumsikia unamwita.

Basi likaja furushi lako: mashine mpya, toleo la saba, na kikaratasi, “Dada, ukifika sura ya tatu utafurahi.”

Na nilifurahi. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Ngoja alipoingia kwenye lile daraja, akafumba jicho moja, akajigonga kidevu, akawaambia wale vijana wake, “Ngojeni kwanza,” niliachia pedi ikaanguka. Ulikuwa umembadilisha jina tu, tena bila hata kujisumbua sana. Ulimwandika kama alivyokuwa. Anavyosahau kofia yake kila mahali. Anavyokula akiwa amesimama. Vijana wake wanamtania kwa taratibu yake, kisha mmoja anateleza darajani, yeye anamdaka ukosi, na utani unakatika. Halafu akacheka.

Mama alikuwa anapita ukumbini na kapu la nguo alizoanua. Alisimama. Kapu hakuliweka chini, alilikumbatia vile vile.

“Nani huyo?”

Sikuwa na namna ya kumzungusha. Nikamwambia ni Subiri, ni ile sauti aliyomtumia Msemaji kutoka hospitali, na Msemaji ameitia kwenye mchezo anaoandika. Alikaa kwenye mkono wa kochi. Nilidhani atalia.

“Mbona hakuniomba?”

“Sijui, mama.”

“Angeniomba ningempa,” akasema. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea kwenye kioo. “Rudia.”

Nikarudia. Tangu siku hiyo, kila akimaliza kuanua nguo, alikuja kuzikunjia pale ukumbini. Siku ambazo niko kazini alimngoja shemeji yako, na shemeji yako, ambaye hajui pedi inashikwaje, alijifunza sura ya tatu peke yake ili aweze kumfikisha darajani. Mama hakutaka kujua ni vita gani, nani anapigana na nani. Alitaka daraja. Kicheko kikishatoka anachukua nguo zake anaondoka, na mara nyingine namsikia huko chumbani akimwambia Subiri jambo. Hakuwa na furaha kwa namna hiyo tangu msiba.

Mimi, mama akishaondoka, niliendelea mbele kwa faragha. Sura ya nne, ya saba, ya kumi. Nilikuwa nakusifu moyoni. Nilimwambia shemeji yako kwamba umemuenzi ndugu yako kwa namna ambayo sisi tusingeweza.

Kisha nikafika sura ya kumi na sita.

Huna haja ya kusimuliwa, lakini nataka usome kwa mwandiko wangu. Ngoja anawafungulia maadui lango kwa ahadi ya cheo. Wale vijana aliowafundisha wanachinjwa vitandani mwao, akiwamo yule aliyemdaka ukosi. Kisha mchezo unanipa mimi pedi na kuniambia nimuue. Nilitafuta njia nyingine. Nilimwachia nafasi akimbie, malango yamefungwa. Nilikataa kumsogelea, askari wangu wakaanza kufa mmoja mmoja. Nilizima nikaanza upya kwa masharti ya huruma, yale ya wote kurudi. Wote wanarudi, isipokuwa yeye. Na mkamfanya apige magoti na kuomba asiuawe kwa maneno yake mwenyewe: “Ngojeni kwanza.” Sasa watu wasiomjua wamelifanya neno hilo mzaha. Nimeliona limeandikwa chini ya picha za wanyama.

Ndipo nikakupigia. Nayaandika tuliyoongea kwa kuwa huenda wewe unayakumbuka kwa namna nyingine.

“Dada, halikuwa wazo langu,” ulisema. “Waliuliza ofisini ni nani ambaye wachezaji wanampenda kuliko wote. Kila mtu akamtaja yeye.”

“Kwa hiyo?”

“Anayependwa sana ndiye anayeumiza sana akigeuka.”

“Ungewapa mwingine.”

“Nilikuwa nimeshamwandika. Ningesemaje?”

“Ungesema ni ndugu yako.”

Nikakuuliza kuhusu kicheko. Ukasema mwigizaji alijaribu asubuhi nzima akashindwa, ukawapa ule ujumbe wausikilize ili wapate mfano, nao wakasema wenyewe unatosha. Ukasema, “Nilitaka abaki mahali fulani, dada.” Sauti yako ilikuwa imekwaruza, nami niliisikia, lakini nilikuwa nimewaka.

“Kitoeni,” nilikuambia. “Msaliti wenu acheke kwa kinywa chake. Kicheko hicho si chenu.”

Ukasema utaona. Nikakata.

Habari ya mama na nguo zake za mchana sikukuambia. Hukuniuliza anaendeleaje, nami sikuwa katika hali ya kusimulia.

Zamani kanda ilikuwa kanda. Askari aliyekuwamo siku inanunuliwa alikuwamo mpaka inaharibika. Matoleo haya ya sasa yanaingiliwa usiku na mchana kutoka huko kwenu, na mtu anaweza kubadilishiwa kilichomo sebuleni kwake bila mlango kubishwa. Jumatano mashine ikaniambia mchezo unajisasisha. Niliacha ujisasishe, nikaenda kuosha vyombo.

Mama alikuja na shati la shemeji yako mkononi, akakaa pale pale. Nikamfikisha darajani. Kijana akateleza, Ngoja akamdaka. Kikatoka kicheko cha mwanamume mwenye kifua kipana na afya tele, anayecheka kama anayetangaza dawa ya meno.

Mama aliinua kichwa. “Huyu siye.”

Nikarudia, ingawa nilishajua. Akasogea karibu, akainama kwa taabu na magoti yake yale, akatega sikio kwenye spika. Nikarudia tena kwa amri yake.

“Siye,” akasema. “Mashine imeharibika. Imempotezea sauti.”

Ningemwambia nini, mdogo wangu? Kwamba nilikuambia ukitoe, ukanisikia? Mara hii moja ulifanya jambo upesi. Usaliti mmeuacha palepale, kila neno. Kitu pekee mlichokifuta ni kile alichokuwa akikijia mama.

Akaniagiza nimpelekee mjomba. Nilikwenda, ningefanyaje. Mjomba siku hizi anauza chaja na vifuniko vya simu, mikono inamtetemeka, lakini bisibisi zake bado zimepangwa ukutani kwa ukubwa. Nilimwambia ukweli wote kibandani pale. Ndiye mtu pekee anayeujua. Hakusema neno juu yako, jema wala baya. Aliifungua mashine vile vile, akapuliza vumbi, akatazama ndani kwa muda mrefu, akarudisha skrubu moja moja.

“Mwambie mama yako nimeshindwa,” akasema.

Hujawahi kumsikia akisema hivyo, wala mimi.

Mama alipokea jibu kwa utulivu kuliko nilivyotegemea. Aliifunga mashine kwa kanga yake ya zamani akaiweka kabatini, juu kabisa, akakataza isiwashwe tena isije ikaharibu zaidi. Kisha akasema hakuna neno, Msemaji anakuja mwezi wa sita, naye ndiye anayezijua hizi, atamtengenezea. Tangu hapo hazungumzi jingine. Ameanika godoro lako. Amewaambia majirani wa chini kwamba mwanawe anayefanya kazi na mashine anakuja kumtengenezea mashine.

Kwa hiyo ombi langu ni moja na sitalirudia. Ule ujumbe unao. Mtu aliyeutoa kwa wageni wausikilize hawezi kuniambia ameufuta. Uje nao wote, na jina lako ndani yake, na dada aliyemkamata, na muuguzi mwishoni. Usiutume kwenye simu yangu. Uulete wewe, ukae kwenye mkono wa kochi, umpe mama mkononi. Na siku atakapokuuliza yule mtu wa darajani aliishia wapi, maana ataniuliza mimi kwanza nami nitamwelekeza kwako, umjibu ukiwa unamtazama usoni. Mimi sitakusaidia neno hata moja. Nitakuwa jikoni.

Kuhusu mimi na wewe, sijui bado. Nimekubeba mgongoni ukiwa na surua. Si jambo la kuisha kwa simu iliyokatwa, lakini wala si jambo la kuisha kwa barua.

Shemeji yako anakusalimu. Mjomba anakusalimu, alipanga chaja zake kwanza, kisha akasema, “Nisalimie.” Shangazi mkubwa anauliza kama umeoa, na shangazi mdogo anasema asijibiwe. Mama mdogo, mzazi wako, anasema umpigie Ijumaa, si siku nyingine. Mama anakusalimu kuliko wote, naye anasema ulete soksi zako chakavu azitie viraka hapa, huko hawajui.

Mungu akulinde njiani, akufikishe salama, na akupe usingizi, ambao naona kwa mashavu yako kwamba huupati.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda, leo kwa shida.